Hatua Tatu Nje ya Mlango

Simu ililia Jumanne jioni, Sumie Kajiura akiwa anamenya figili ya supu. Alipoona jina la Nagisa kwenye kioo cha simu alifuta mikono kwanza, akakaa kitako, ndipo akapokea. Mke wa mwanawe hakuwa mtu wa kumpigia simu. Kwa miaka tisa ya ndoa alikuwa amemwachia mumewe, Yoshiki, kazi yote ya kumjulia mama hali, yeye akitoa salamu kwa mbali. Sasa alikuwa akisema, kwa sauti iliyonyooka kama ya mtu anayesoma mahali, kwamba tarehe ishirini na nane kuna soko la vitu vya kale kwenye hekalu la Osu. Je, Mama angependa waende wote, watembee madukani, wanunue kidogo, wale chakula cha mchana huko huko?

"Na Yoshiki?" Sumie aliuliza.

"Ana kazi. Tutakuwa sisi wawili tu, Mama."

Sumie alikubali, akaiweka simu mezani, akarudi kwenye figili yake. Lakini kisu hakikumwendea tena vizuri.

Kushuku watu kwake hakukuwa tabia mbaya. Ndiyo kazi iliyomlisha. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane mumewe, Eizo, alipovunjika mgongo kiwandani, na tangu mwaka ule hadi alipotimiza sitini na sita alikuwa mlinzi asiyevaa sare katika maduka ya vyakula ya Nagoya. Alizunguka na kikapu chenye kitunguu kimoja na pakiti ya tofu kama mama yeyote wa nyumbani, miguuni viatu vya soli laini, akiwavizia wanaotia vitu mikobani bila kulipa. Kazi hiyo ilikuwa na sheria zake. Lazima umwone mtu akichukua, umwone akificha, umwone akiipita kaunta, umwache atoke hatua tatu nje ya mlango, ndipo umsogelee na kumwambia kwa upole, "Samahani, kuna kitu umesahau kulipia?" Ukimpoteza machoni hata kwa kupepesa tu, umekosa, mwache aende zake. Katika miaka ishirini na minane Sumie hakuwahi kumkamata mtu asiye na hatia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtambua kabla hajakamatwa. Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa fahari yake, ingawa hakuwa na wa kumsimulia, maana Eizo alishafariki na mwanawe hakuipenda habari hiyo.

Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, akiishi peke yake ghorofa ya nne katika nyumba za serikali ya mji zisizo na lifti, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumlalamikia.

Macho yake hayakustaafu. Siku ile ya kwanza kabisa Yoshiki alipomleta Nagisa nyumbani amtambulishe, Sumie alimwona msichana mzuri, mpole, mwenye adabu, na akaona pia kwamba anaficha kitu. Baadaye, kila walipoingia dukani kwa pamoja, dalili ziliongezeka. Nagisa akivuka mlango wa duka, macho yalimruka kwanza kwenye pembe za dari, kunakokaa kamera. Mkoba wake ulifungwa zipu mpaka mwisho. Mikono aliikunja mbele ya tumbo, na hakugusa kitu mpaka awe amekwisha amua kukinunua. Risiti alizikunja mara mbili, akazihifadhi kana kwamba ni hati za kiwanja. Watu wa kawaida hawafanyi hivyo. Watu wa kawaida huingia dukani wakiwaza mambo yao, wakipapasa viazi, wakisahau miavuli. Anayefikiria kamera ni mwenye sababu ya kuifikiria.

Kuna mwaka Sumie alilala kwao wakati wa sikukuu ya mwaka mpya, na mchana wenyeji walipotoka alifungua kabati la Nagisa, akitafuta nguo ambazo bado zina vibandiko vya bei. Hakukuta hata moja. Alikuta bati la biskuti lililojaa risiti za miaka mingi, zimefungwa kwa mipira, za kila mwezi peke yake. Alilirudisha bati mahali pake, akajiambia kwamba mtu mwaminifu hahitaji ushahidi mwingi namna ile.

Aliyemzidishia wasiwasi safari hii ni Bi Ogiso, jirani wa ghorofa ya pili. Sumie alimwonyesha vazi alilokusudia kuvaa siku ya matembezi, na Bi Ogiso hakulitazama hata. Alimkumbusha habari ya mwenzao wa jengo la tatu, ambaye watoto wake walimchukua kutembea ziwani, wakampa mchana mwema, na jioni wakamtolea fomu za nyumba ya kulelea wazee akiwa ameshiba na hana nguvu ya kubisha.

"Walimlisha mkunga," Bi Ogiso alisema. "Samaki wa mkunga anauzwa bei gani siku hizi? Hakuna anayemnunulia mama mkwe mkunga bure. Wakikupeleka kula mkunga, wewe usile."

Walikutana saa nne asubuhi kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Kamimaezu. Nagisa alikuwa amefika kabla, amevaa koti la kijivu, begani mkoba mkubwa kuliko ule wa siku zote. Alipoinama kumsalimu, mdomo wa mkoba ulifunuka kidogo na Sumie akaona ncha ya bahasha ya kijani, ile kubwa inayochukua karatasi bila kuzikunja. Nagisa aliusukuma mkoba nyuma ya mgongo. Alifanya hivyo haraka kidogo kupita kiasi.

Waliingia kwenye mitaa iliyoezekwa ya Osu, na kwa kuwa ilikuwa tarehe ya soko, watu walikuwa wengi. Vijana walipanga foleni ya kuku wa kukaanga, harufu ya majani ya chai yanayokaangwa ilitoka duka moja na kufukuzwa na harufu ya sabuni kutoka duka la pili. Nagisa alitembea polepole akilinganisha hatua zake na za mama mkwe wake, na kila baada ya maduka mawili matatu alikuwa na swali. Goti linaendeleaje? Ngazi hazimchoshi? Siku hizi Mama analala kwenye kitanda au bado anatandika godoro sakafuni? Bafuni kuna mahali pa kushika?

Hayakuwa maswali ya matembezi. Yalikuwa maswali ya karani wa ofisi ya ustawi wa jamii, na Sumie aliyajibu yote kwa uongo. Goti zima. Ngazi anapanda akiimba. Godoro la sakafuni ndilo linalomnyoosha mgongo. Nagisa aliitikia kwa kichwa kila jibu kana kwamba anaandika.

Kwenye duka la kimono za mitumba Sumie alisimama makusudi, amtazame. Macho ya Nagisa yalipanda kwenye pembe ya dari, yakashuka. Mikono ikakunjwa mbele ya tumbo. Palikuwa na mkanda wa hariri wa rangi ya udongo uliompendeza, hilo lilionekana, lakini hakuugusa. Alimwomba mwenye duka amshikie Mama auone. Sumie alisema hautaki. Hakuwa ameutazama mkanda hata kidogo.

Uwanja wa hekalu ulijaa meza na majamvi ya wauzaji: sahani za maua ya buluu, saa zisizotembea, vifungo kwenye makopo, wanasesere waliopoteza nywele. Walipanda kwanza ngazi za jengo jekundu kuomba. Sumie alitupa sarafu, akafumba macho, akamaliza haraka, akafumbua jicho moja. Nagisa bado alikuwa ameunganisha viganja, midomo ikimtikisika, kwenye paji la uso mkunjo uliosimama wima. Aliomba kwa muda mrefu mno kwa mtu aliyekuja kununua vikombe.

Chini uwanjani, muuzaji mmoja mwenye kofia ya sufu alimnyooshea Sumie birika la chuma.

"Bibi, hili lina miaka mia moja."

"Na kutu ya miaka mia mbili," Sumie alimjibu. "Limetoboka?"

"Likivuja, nirudishie."

"Nikirudi utakuwepo?"

"Mimi nipo kila tarehe inayoishia na nane, muulize yeyote."

"Ndiyo wanayosema wote wasiokuwepo."

Yule mtu alicheka, akapunguza bei kabla hajaombwa, na Sumie akalinunua. Nagisa naye alicheka, na kwa nukta moja Sumie aliona uso ambao hakuuzoea, uso mwepesi wa msichana. Kisha Nagisa akatazama saa, wepesi ukamtoka, akasema ameshaweka nafasi ya chakula cha mchana, ni karibu tu.

Walikata kona mbili, wakasimama mbele ya mlango wenye pazia jeusi. Moshi mtamu ulipita chini yake. Ilikuwa hoteli ya mkunga.

Sumie alikumbuka maneno ya Bi Ogiso. "Tumbo langu leo halitaki mafuta," alisema.

"Mama, si wewe unayempenda mkunga? Yoshiki ameniambia. Nimeweka nafasi wiki mbili zilizopita."

"Nilimpenda zamani."

Nagisa aliinua pazia, akaingia peke yake kuomba radhi na kufuta nafasi ile. Alipotoka masikio yalikuwa mekundu. Wakaenda kula tambi bapa kwenye kibanda cha jirani, wameketi bega kwa bega mbele ya kaunta. Bakuli la Nagisa lilibaki nusu. Aliweka vijiti chini, akavipanga sawasawa, akasema, "Mama, kuna jambo nimekusudia kukuambia leo."

"Mimi bado nina nguvu zangu," Sumie alimkatiza. "Ninajipikia, ninajifulia. Mwambie Yoshiki hivyo."

Nagisa akasimama, akachukua mkoba wake, akasema anakwenda chooni mara moja, Mama amsubiri pale pale, hatakawia. Akatoka nje.

Choo cha kibanda kile kilikuwa nyuma ya kaunta. Mlango ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa, na walikuwa wameketi wameuelekea tangu walipoingia.

Sumie aliacha noti mezani, akalikumbatia birika lake ndani ya gazeti, akamfuata.

Ilikuwa miaka sita hajafanya kazi ile, lakini mwili ulikumbuka. Alibaki nyuma kwa umbali wa maduka matatu, upande wa pili wa njia, akijificha nyuma ya mabega ya wapita njia, akitazama si kichwa cha Nagisa bali visigino vyake, kwa sababu visigino ndivyo vinavyogeuka kwanza. Goti lilinyamaza kabisa. Kulikuwa na raha fulani ndani yake ambayo hata yeye aliionea haya. Miaka tisa alikuwa akijua kwamba kuna kitu, na leo atakijua ni kitu gani.

Nagisa alipita sanamu kubwa ya paka mweupe aliyeinua mkono, akashika njia ya kulia, akasimama mbele ya duka la dawa lenye taa kali na vipodozi vilivyopangwa mpaka barabarani. Alisimama kama mtu aliyefika ukingoni mwa maji asiyojua kina chake. Sumie naye alisimama, akaitambua kona ile. Kabla ya duka la dawa palikuwa na duka la vyakula la ghorofa mbili. Alifanya kazi humo miaka minne.

Nagisa aliingia. Safari hii hakutazama dari. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya pedi za wanawake, akachukua pakiti moja, akasimama nayo mikononi akiitazama kana kwamba ina maandishi marefu. Sumie alikuwa kwenye njia ya pili, nyuma ya dawa za meno, kikapu mkononi. Hakukumbuka hata alikichukua saa ngapi. Mara kundi la watalii wenye masanduku ya magurudumu likakata katikati yao, wakicheka, wakisukumana kuelekea mashine za kulipia. Foleni yao ilipopungua, mikono ya Nagisa ilikuwa mitupu, mkoba haukuwa umefungwa zipu, na mwenyewe alikuwa akielekea mlangoni.

Alikuwa amempoteza machoni. Sheria ilisema amwache. Sumie aliijua sheria ile kuliko jina lake, na aliivunja. Aliweka kikapu chini, akatoka, akahesabu hatua tatu.

"Samahani," alisema. Sauti ilimtoka ile ile ya zamani, tulivu, isiyo na mtu ndani yake. "Kuna kitu umesahau kulipia?"

Nagisa aligeuka. Hakushtuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshanyooshwa, na kati ya vidole viwili palikuwa na kipande cha karatasi.

"Mara hii ninayo risiti, Mama," alisema.

Sumie aliisoma. Ilikuwa ya dakika ile ile. Aliisoma tena, maana hakujua aangalie wapi pengine. Ndipo maneno mawili ya kwanza yakamfikia. Mara hii.

"Nilikuona kwenye kioo cha rafu ya dawa za meno," Nagisa aliongeza, kama anayeomba radhi kwa hilo.

Waliketi kwenye benchi karibu na yule paka mkubwa, birika katikati yao, na Nagisa akasimulia akiwa ameitazama mikono yake. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake aliondoka nyumbani majira ya kuchipua mwaka ule, akabaki na baba, dereva wa lori, mtu mwema asiye na maneno, anayeacha pesa ya chakula mezani na kupotea siku nne. Msichana yule alikuwa na aibu ya kumwambia baba kwamba kuna kitu kingine zaidi ya chakula kinachohitajika, na wiki ile pesa ilikwisha. Alichukua pakiti moja kwenye ghorofa ya chini ya duka lile, akaificha ndani ya koti la shule. Hatua tatu nje ya mlango, mama mmoja mwenye kikapu alimgusa kiwiko.

Walimpeleka chumba cha nyuma. Meneja, mwanamume, alikuwepo. Alitakiwa aiweke pakiti juu ya meza mbele yake. Baba hakupatikana kwa simu, basi wakaita shule, akaja mwalimu wa darasa, naye mwanamume, na pakiti bado ilikuwa pale mezani. Yote hayo, Nagisa alisema, aliyaona ni haki yake. Alichukua, akashikwa. Lakini wakati wanangoja mwalimu, yule mama alimwambia jambo.

"Ulisema, 'Nimekaa na wezi miaka mingi. Macho yako ni ya mwizi, na macho hayabadiliki.'"

Sumie alikitafuta chumba kile kichwani, akakipata: meza ya bati, ndoo ya kupigia deki, kalenda ya kampuni ya maziwa. Msichana hakumwona. Alipanga nyuso zote alizoweza, wazee, akina mama, wanafunzi wenye makoti ya shule, lakini huyu hakuwamo. Maneno, hata hivyo, aliyajua. Alifundishwa na mwanamke aliyemfunda kazi, na aliwaambia wote walio chini ya miaka ishirini, kila mara kwa sauti ile ile. Wengi walilia. Alikuwa akidhani kulia ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi.

"Sikukumbuki," alisema. Angeweza kudanganya, na alilifikiria hilo.

"Najua. Siku Yoshiki aliponileta kwako nilikutambua pale mlangoni. Nilishika kikombe kwa mikono miwili, nikawa nangoja useme. Ulinitazama muda mrefu sana. Halafu ukaniuliza kama napenda samaki."

"Nilikutazama kwa sababu niliona unaficha kitu."

"Nilichokuwa naficha ni wewe."

Watoto wawili walikuja kupiga picha na paka, wakaondoka. Sumie aliona kwamba kama kuna siku ya kusema ni hii, akamweleza habari ya kabati na bati la biskuti. Nagisa aliushika mkanda wa mkoba, na Sumie alidhani atasimama aende zake.

"Ukapata risiti," Nagisa alisema.

"Risiti."

"Za mwanzo zimeshafutika maandishi. Nashindwa kuzitupa."

Kisha akafungua mkoba, akatoa ile bahasha ya kijani. Ndani hapakuwa na fomu yoyote ya nyumba ya wazee. Palikuwa na mchoro wa fundi: chumba cha chini cha nyumba yao, mlango umepanuliwa, bafu lenye vyuma vya kushika pande zote mbili. Yoshiki alitaka kumwomba mama yake ahamie kwao kabla ya majira ya kuchipua. Nagisa alimsihi amwachie siku moja kwanza, asimuulize kwa nini.

"Siwezi kuishi nyumba moja na mtu anayeitazama mikono yangu, Mama. Na siwezi kumkatalia Yoshiki bila kumwambia sababu. Nilitaka nikuambie pale kwenye mkunga, ukakataa kuingia. Nikasema nikaone lile duka kwanza, labda nitapata nguvu."

Sumie alisimama. Goti lilirudi na kelele zake zote, lakini alisimama mpaka akanyooka, akaweka mikono mapajani, akainamisha kichwa chini kabisa, katikati ya njia, watu wakiwazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Kuchukua kulikuwa kosa lako," alisema akiwa ameinama, "na ulililipia siku ile ile. Maneno yalikuwa yangu. Yale sijayalipia. Naomba radhi."

"Kaa, Mama. Goti lako."

"Goti zima."

"Si zima. Ngazi za hekalu ulizishuka kiubavu."

Ilikuwa kweli, na Sumie alikuwa na hakika hakuna aliyemwona. Ilimjia kusema kwamba Nagisa angefaa sana kwa kazi ile ya ulinzi, akaung'ata ulimi kabla maneno hayajamtoka. Akakaa.

"Sijasema nimekusamehe," Nagisa alisema.

"Sijakuuliza."

Walirudi kwenye maduka kwa sababu hawakujua la kufanya lingine, na treni ilikuwa bado. Walinunua chai, na keki za unga wa mchele za kumpelekea Yoshiki. Kwenye jukwaa la stesheni, wakingoja, shaka ya zamani ilimrudia Sumie. Huyu mwanamke alikuwa na miaka tisa ya kusema, akachagua kusema sasa, mchoro wa fundi ukiwa mkobani. Je, yote haya si njia ya kumfanya mkongwe aone haya, akatae mwenyewe, na mwana asimlaumu mke? Zamani angelibeba wazo hilo nyumbani na kulilea. Safari hii alilisema.

"Unataka nikatae?"

Treni moja ilipita upande wa pili kabla Nagisa hajajibu. "Asubuhi nilitaka ukatae," alisema. "Sasa sijui."

Sumie aliona jibu lile ni la kuaminika kuliko yote aliyoyasikia siku ile, kwa kuwa halikumpendelea mtu.

Yoshiki aliambiwa na mke wake mwenyewe, wiki iliyofuata. Alimpigia mama yake, akamuuliza tu kama amekula. Katikati ya Februari Sumie alihama na makasha manane na kabati dogo la madhabahu ya kumkumbukia Eizo, na Bi Ogiso akamsindikiza mpaka kwenye gari, akimnong'oneza asitie sahihi karatasi yoyote bila kuisoma. Mwezi wa kwanza haukuwa mwepesi. Waligombana juu ya joto la maji ya kuoga, na juu ya mahali pa kuweka madhabahu, na kuna siku mbili Nagisa hakumsemesha kabisa, wala Sumie hakuthubutu kuuliza ni kwa la jana au la miaka ishirini iliyopita.

Jumamosi moja ya Machi Nagisa alimwomba waende wote kununua mboga. Mlangoni mwa duka macho ya Nagisa yalipanda kwenye pembe ya dari kama kawaida yake, na ya Sumie yakashuka kwenye mikono ya Nagisa kama kawaida yake. Wote wawili wakajua. Nagisa alichukua kikapu, akaelekea kwenye rafu za soya na siki, peke yake.

Sumie alibaki kwenye mboga. Ilimchukua nguvu zaidi ya alivyotarajia. Alikipa kisogo kile kichochoro cha siki, akainama juu ya rundo la kabichi, akazipapasa moja moja, akazigeuza, akazipima uzito kiganjani, mpaka aliposikia hatua zikirudi nyuma yake. Kabichi aliyoichagua, walipoikata nyumbani, ilikuwa na viwavi. Waliiosha mara tatu, wakaipika.